Kiangazi cha Tanga: Tazama Nyuzi za Usiku Kabla ya Zile za Mchana

Swali la msomaji: "Shikamoo. Niko Tanga mjini, nina uwanja wa kufyatua matofali ya saruji wenye vijana 8, na nyumbani naishi na mama yangu mwenye miaka 74, nyumba ya bati. Nimesikia redioni kwamba joto la Desemba hadi Machi litakuwa juu ya wastani. Simu yangu mchana inaandika nyuzi 32, chini yake inasema mwili unahisi 41. Niamini ipi? 'Juu ya wastani' ni nyuzi ngapi hasa? Na mvua ya Januari niitegemee au niifute kwenye mipango? Naomba maelezo ya kina, maana kiangazi kilichopita kijana mmoja alianguka kazini."

Marahaba. Nitangulize jibu fupi ili uanze kupanga kabla hujamaliza kusoma. Kwa Tanga, "juu ya wastani" haina maana kwamba mchana utafika nyuzi 38. Bahari haiachii. Mchana utabaki kwenye 32 au 33, siku chache 34. Kitakachobadilika ni usiku: badala ya kushuka hadi 23 au 24, utakwama kwenye 25 au 26, na utakwama hivyo wiki kwa wiki. Na kipindi kigumu kuliko vyote hakitakuwa Krismasi wala Januari. Kitaanza wiki ya mwisho ya Februari na kuendelea hadi masika ishike, kwa kawaida nusu ya pili ya Machi au mwanzoni mwa Aprili. Hukutaja kijana wako alianguka mwezi gani, lakini ikiwa ilikuwa katika wiki hizo, basi alianguka pale ambapo pwani hii huwaangusha watu kila mwaka.

Sasa hilo neno "wastani". Wanaotengeneza utabiri wa msimu huchukua kumbukumbu za miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, wakaipanga miaka hiyo kuanzia uliokuwa na ubaridi hadi uliokuwa na joto kali, kisha wakaikata mafungu 3 ya miaka 10 kila moja. Redio inaposema kuna uwezekano wa asilimia 60 wa joto kuwa juu ya wastani, inasema kwamba msimu unaokuja una nafasi 6 kati ya 10 za kuangukia fungu la juu. Ile 60 haipimi ukali wa joto, na nafasi 4 zilizobaki ni za kweli pia. Kwa pwani yetu, iliyo karibu na ikweta, mafungu haya yamebanana mno: kutoka fungu la kati hadi la juu mara nyingi haifiki nyuzi 1. Watu wakisikia nyuzi 1 huidharau. Hapa kwetu usiidharau, kwa sababu inaongezwa juu ya hewa ambayo tayari imeshiba maji.

Hapo ndipo penye kiini cha kiangazi cha pwani. Maji ya bahari kati ya Tanga na Pemba huwa yamepoa mwezi wa Agosti, nyuzi 25 au 26 hivi. Yanapanda polepole hadi kufikia 29 Machi na Aprili, pengine na kupita kidogo. Upepo wa kaskazi unakuja ukiwa umepita juu ya maji hayo, umebeba mvuke wake. Kiasi cha mvuke huo hupimwa vizuri zaidi kwa nukta ya umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipozwa hadi hapo huanza kuachia matone. Glasi ya maji ya friji inayotoka jasho mezani inakuonyesha jambo hilohilo. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu zina namba hii ukifungua ukurasa wa ndani. Ikiwa chini ya 22, hewa ni nyepesi. Ikifika 24, fukuto imeanza. Ikifika 26, jasho halikauki mwilini, linatiririka tu bila kukupoza.

Na usiku hauwezi kupoa kupita nukta ya umande kwa urahisi. Hewa ikishafika hapo, mvuke unaanza kugeuka umande, na kila tone linalojiunda linaachia joto lililokuwa limefichwa ndani ya mvuke. Joto hilo linauzuia usiku usiendelee kushuka. Ndiyo maana nyuzi za chini za usiku pwani hukaa karibu sana na nukta ya umande: bahari ikiwa na joto, umande unapanda, na umande ukipanda usiku unakwama. Mwili nao unahitaji usiku ili kutoa joto la mchana. Aliyelala chumba chenye nyuzi 29 anaamka na kiu, usingizi haujamtosha, moyo umefanya kazi usiku kucha, kisha saa 2 asubuhi anapewa beleshi. Ukimkuta ameanguka saa 6, usitafute chanzo kwenye jua la siku hiyo peke yake. Hesabu usiku 4 au 5 zilizotangulia.

Tuupitie msimu wenyewe. Desemba mwanzoni vuli bado ina mabaki, mawingu yapo, kaskazi inajipanga. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari kaskazi inavuma vizuri, hasa alasiri ikisaidiwa na upepo wa bahari, na upepo huo ndio unaookoa watu: joto lipo lakini jasho linakauka. Februari mchana unafika kilele. Kisha, kuelekea Machi, kaskazi inaanza kulala. Ni majira ya maleleji, ambayo wengine huyaita tangambili, upepo haujui uelekee wapi, na siku nyingine bendera haipepei kabisa hadi saa 8 mchana. Wakati huohuo bahari inakaribia kilele chake cha joto. Na jua nalo: Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi linaipitia mara 2 kwa mwaka, karibu na tarehe 6 Oktoba na karibu na tarehe 7 Machi. Jua ni lilelile mara zote mbili. Oktoba halituumizi sana kwa kuwa bahari bado ina ubaridi wa kusi. Machi linakuta bahari ya nyuzi 29 na hewa iliyosimama. Hayo matatu yakikutana, fukuto haina pa kutokea mpaka mawingu ya masika yafunike.

Nini kinaufanya mwaka mmoja uzidi mwingine? Kikubwa ni El Niño, lakini kwa kuchelewa. Pasifiki ikipata joto kali kama mwaka 1997/98, 2015/16 na 2023/24, Bahari ya Hindi inaifuata miezi michache baadaye, kuanzia Januari hadi Mei. Ukisikia El Niño imetangazwa Agosti, watu watazungumzia mafuriko ya vuli, na wana haki. Wewe ongeza jambo la pili kwenye daftari: usiku wa Februari na Machi utakuwa mzito. Mwaka wa La Niña, yaani Pasifiki ikipoa, vuli mara nyingi huwa haba, mawingu machache, mchana mkali, lakini bahari huwa na nafuu kidogo na usiku hupumua. Nafuu hiyo nayo inapungua. Kwa wastani wa dunia, mwaka 2022 uliokuwa wa La Niña ulikuwa na joto kuliko mwaka 1998 wa El Niño kubwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza mwaka 2024 kuwa wa joto kuliko wote uliowahi kupimwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Kwa hiyo "juu ya wastani" ikilinganishwa na 1991 hadi 2020 itakuwa lugha ya miaka mingi ijayo. Usingoje kuisikia redioni ndipo uchukue hatua.

Kuhusu simu yako: namba zote mbili ni za kweli, zinapima vitu tofauti. 32 ni joto la hewa kivulini. 41 ni makadirio ya namna mwili unavyolipokea joto hilo likichanganywa na unyevu: nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 hutoa 40 au 41, na asilimia 60 hutoa 38 hivi. Kipimo hicho kilitengenezwa Marekani kwa kumfikiria mtu aliye kivulini, anayetembea tu, penye upepo mwepesi. Vijana wako wako juani na wanabeba. Juani pekee kunaweza kuongeza hadi nyuzi 8 kwenye ile 41.

Kuna kosa moja ambalo watu wengi hulifanya hapa na linawatia hofu bure. Asubuhi saa 12 simu inaandika unyevu wa asilimia 92. Mtu anaichukua hiyo 92, anaiweka pamoja na nyuzi 33 za mchana, anapata zaidi ya 50, anaamini mji unaungua. Haiwi hivyo. Hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba maji unakua, hivyo asilimia inashuka hadi 60 na kitu mchana ingawa maji yaliyomo ni yaleyale. Linganisha unyevu na joto la saa ileile. Au achana na asilimia kabisa, tumia nukta ya umande, ambayo haiyumbi hivyo.

Kwa uwanja wa matofali nakushauri usitegemee simu. Nunua vipimajoto 2 vya kawaida vya kioo, vya aina moja, na uvihakikishe vinasoma sawa vikiwa vikavu. Kimoja kiache hivyohivyo. Cha pili kifunge kitambaa chepesi cha pamba kwenye kichwa chake, ukiloweshe kwa maji safi ya mvua au yaliyochemshwa (maji ya chumvi yanaharibu kipimo). Vining'inize kivulini, vipepee kwa kipande cha boksi kwa dakika 3 hadi 5, mpaka kile kilicholowa kiache kushuka, kisha soma. Namba ya kilicholowa ndiyo inayokuambia jasho la kijana wako lina nafasi kiasi gani ya kumpoza. Vikisomeka 32 na 27, ujue uko kwenye fukuto kamili ya pwani.

Wataalamu wa afya kazini huchanganya namba hizo na ya tatu, inayosomwa na kipimajoto kilicho ndani ya duara jeusi la shaba, mfano wa mpira, la kipenyo cha milimita 150 lililoanikwa juani. Hesabu yao ni 0.7 ya kilicholowa, 0.2 ya duara jeusi, na 0.1 ya kikavu. Tuseme duara linasoma 45. Utapata 18.9, jumlisha 9, jumlisha 3.2: jumla 31.1. Kwa kazi nzito kama kuchanganya zege kwa beleshi, kikomo kinachotumika sana ni 30.5 hata kwa mtu aliyezoea joto anayefanya robo saa na kupumzika robo tatu ya saa. Yaani kazi hiyo, juani, saa hiyo, haifai kabisa. Sasa weka kivuli. Hesabu ya kivulini ni 0.7 ya kilicholowa na 0.3 ya duara jeusi, ambalo kivulini husoma karibu sawa na kikavu: 18.9 na 9.6, jumla 28.5. Kazi ileile sasa inaruhusiwa, nusu saa kazi, nusu saa pumziko. Banda la makuti au wavu wa kivuli juu ya sehemu ya kuchanganyia na mashine ndilo limefanya tofauti hiyo. Kabla hujatumia hela kwenye kitu kingine chochote, jenga hilo banda, lenye urefu wa kutosha hewa ipite, upande wa kaskazini-mashariki ukiwa wazi.

Ukishakuwa na kivuli, kilicholowa kikisoma chini ya 25, fanyeni dakika 45 na mpumzike 15. Kati ya 25 na 27, nusu kwa nusu. Kikipita 27 na kuikaribia 28, kazi nzito isimame. Zibaki za mkono mwepesi kama kumwagilia na kupanga. Kwa ratiba, mwezi wa Machi anzeni mara kunapopambazuka, saa 12 na robo, uchanganyaji wote uwe umekwisha saa 4. Kuanzia saa 4 hadi saa 10 hakuna beleshi. Rudini saa 10 hadi saa 12 na nusu. Kwa tarehe hizo jua la Tanga huwa juu kabisa kama saa 6 na nusu, na joto la hewa linaendelea kushikilia hadi saa 9.

Maji: kila kijana anywe glasi ya mililita 250 kila dakika 20, bila kungoja kiu, wala asizidishe lita 1.5 kwa saa, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi nayo yana madhara yake. Kwa vijana 8 na saa 7 za kazi hiyo ni lita 42, madumu 2 ya lita 20 na ziada. Akila chakula cha kawaida chenye chumvi inatosha. Akitoka jasho sana hadi misuli inakaza, tengeneza lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtungi wa udongo ni mzuri, lakini ujue mpaka wake: unapoza kwa kukausha maji, kwa hiyo hauwezi kushuka chini ya kile kipimajoto kilicholowa. Bara, penye hewa kavu, mtungi unatoa maji ya nyuzi 20. Tanga mwezi wa Machi unatoa 27. Tia barafu.

Mgeni kazini ndiye wa kumchunga kuliko wote. Kijana anayeshuka kutoka Lushoto au Mlalo ametoka kwenye baridi ya milimani, na mwili wake haujajifunza kutoa jasho la pwani. Siku ya kwanza mpe asilimia 20 ya kazi ya mwenzake, kila siku ongeza 20, siku ya 5 awe sawa na wengine. Mzoefu aliyekaa nje ya kazi wiki moja au zaidi, kwa ugonjwa au msiba, naye asirudi kwa nguvu zote: siku ya kwanza nusu ya kazi, ya pili asilimia 60, ya tatu 80.

Na Ramadhani. Mwaka 2026 na 2027 mfungo unaangukia Februari na Machi, ukiingia kwenye wiki nilizokutajia. Mtu aliyefunga hawezi kunywa ile glasi ya kila dakika 20, kwa hiyo hesabu yote ya hapo juu haimhusu. Kwake kazi nzito iwe ni kuanzia alfajiri baada ya daku hadi saa 3 asubuhi, basi. Kinachobaki kihamishieni usiku baada ya tarawehe, chini ya taa, kwa saa 2 au 3. Uzalishaji utashuka. Panga oda za wateja kwa kulijua hilo tangu Januari, usije ukawasukuma vijana ili kufidia ahadi.

Matofali yenyewe pia yanaumia. Kaskazi ya Januari inayakausha kabla saruji haijamaliza kushika, na tofali lililokauka mapema linamomonyoka pembeni hata kama mchanganyiko ulikuwa sahihi. Yafyatulie kivulini, yaache yatulie hadi siku ya pili chini ya turubai au makuti, kisha mwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 ukiwa umeyafunika. Maji ya kuchanganyia yasitoke kwenye tangi jeusi lililokaa juani, yanafika moto unaoharakisha saruji kuganda. Changanya kiasi kidogo kitakachoisha ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiuongeze maji.

Nyumbani kwa mama. Bati lisilo na rangi nyeupe, jua la saa 7, huweza kupita nyuzi 60, na linammulika aliye chini yake kama jiko. Dari ndiyo dawa ya kwanza, na uache matundu chini ya mapaa ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke. Rangi nyeupe juu ya bati inarudisha sehemu kubwa ya jua na ni nafuu kuliko mashine yoyote. Mpe chumba chenye madirisha pande 2, moja likielekea kaskazini-mashariki. Kuhusu feni: inasaidia maadamu hewa iko chini ya nyuzi 35, na Tanga huwa hivyo karibu siku zote, kwa hiyo iendeshe. Khanga iliyoloweshwa mabegani na feni mbele yake humpoza kuliko feni tupu. Zile feni za maji zinazouzwa kama mbadala wa kiyoyozi usimnunulie. Zinafanya kazi kama mtungi, kwa hiyo kwetu hazipozi cha maana, na kadiri saa zinavyopita zinajaza chumba mvuke na kuongeza ileile fukuto unayoikimbia. Chandarua kinapunguza upepo, hilo ni kweli, lakini malaria ya baada ya vuli ni adui mkubwa zaidi. Sogeza feni karibu na kitanda, usitoe chandarua.

Wazee huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo mpe kinywaji kwa saa, si kwa kumuuliza kama anataka. Kama anatumia dawa za presha, hasa zile zinazomfanya akojoe sana, mpeleke kwa daktari wake mwezi wa Januari mkazungumzie kiangazi. Msipunguze wala kuacha dawa wenyewe.

Kijana akianguka tena, au akianza kusema ovyo, kuyumba, kutotambua wenzake, hilo ni joto lililopanda hadi kwenye ubongo na una dakika, si saa. Usidanganyike kwa kuona bado anatoka jasho. Anayefanya kazi nzito huzidiwa na joto jasho likiwa linamtoka. Mlaze kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma huku wengine wakimpepea, barafu shingoni, kwapani na kinenani. Mpoze kwanza, na mwendelee kumpoza ndani ya gari mkielekea hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Usimpe panadol ukidhani ni homa: dawa hiyo haigusi joto la aina hii. Na mkifika mseme wazi kwamba alikuwa kazini juani, maana mwili wa nyuzi 40 hufananishwa haraka na malaria.

Limebaki la mvua. Kwa Tanga, Januari na Februari ni kipindi kati ya vuli na masika. Mvua zipo za hapa na pale, makumi machache ya milimita kwa mwezi, na dhoruba moja ya milimita 50 kwa siku inaweza kuleta mvua ya mwezi mzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu mvua kuwa ya wastani ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kawaida, na kwa mwezi wenye mvua ndogo hivyo dhoruba moja inatosha kukuvusha daraja. Kwa hiyo utabiri wa msimu hausaidii kuamua lini uanike au ufunike matofali. Usiitegemee mvua hiyo, wala usiifute. Weka turubai tayari na ufuatilie taarifa yao ya hali mbaya ya hewa ya siku 5, inayotoka kwa madaraja ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Isipokuwa mwaka ambao upande wetu wa Bahari ya Hindi umepata joto kuliko upande wa Indonesia, kama 2019. Hapo vuli huendelea hadi Januari, na unaliona jambo hilo kwenye taarifa za Oktoba na Novemba.

Mwanzo wa masika nao unaguswa na vimbunga vya mbali. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipokuwa mashariki mwa Madagascar, upepo wa magharibi uliletwa juu yetu na mvua ikazidi. Machi 2019, Idai kilipokuwa kwenye mlango-bahari wa Msumbiji, kilivuta unyevu kwake, na Afrika Mashariki masika ikachelewa. Ukisikia kimbunga kiko mlangoni mwa Msumbiji mwezi wa Machi, ongeza wiki moja au mbili kwenye ratiba yako ya kiangazi.

Kuanzia tarehe 15 Februari, tundika kalenda uwanjani na uandike kila asubuhi nyuzi za chini za usiku uliopita, zilizopimwa pale mtaani kwenu, kwa sababu vipimo vya taarifa huchukuliwa mahali pa wazi kama uwanja wa ndege, na kwenye nyumba zilizobanana kama Ngamiani usiku huwa na nyuzi 1 au 2 zaidi. Zikiwa 25 au zaidi usiku 3 mfululizo, siku ya 4 ingieni ratiba ya Machi, hata kama mchana simu bado inaandika 32.